Lenzi za jichoni kwa mtoto: jicho likisumbua, anzia hapa

Mtoto anayevaa lenzi akilalamikia jicho, toa lenzi kwanza. Usimnawishe uso lenzi ikiwa ndani, usimtilie dawa juu yake, usimwambie avumilie mpaka jioni. Toa, ndipo uanze kuuliza. Naliweka hili mbele kwa sababu karibu kila uamuzi unaofuata unategemea jambo moja: jicho linafanya nini baada ya lenzi kutoka. Likitulia ndani ya saa moja, chanzo mara nyingi kiko kwenye lenzi, kwenye dawa ya kusafishia au kwenye mikono iliyoivalisha. Lisipotulia, chanzo kiko kwenye jicho lenyewe, na hilo si la kutibiwa nyumbani.

Swali la pili: linasumbua jicho moja au yote mawili? Yakianza yote pamoja, fikiria kitu kilichogusa lenzi zote mbili: sabuni, mafuta, dawa mpya, moshi, mzio (aleji). Likisumbua moja tu, kagua lenzi ya jicho hilo, kisha fikiria kitu kilichoingia, mkwaruzo au maambukizi. Maswali haya mawili ndiyo ninayoanza nayo mimi mwenyewe ninapoletewa mtoto hapa Moshi, kabla sijawasha hata taa ya kumulika jicho.

Na lenzi ikishatoka, mtoto awe na miwani ya kuvaa. Asiye na miwani ya akiba atairudisha lenzi kwenye jicho bovu kwa sababu hana namna nyingine ya kuona ubao. Kama fedha inatosha kimoja tu, nunua miwani, lenzi zisubiri.

Watoto wanaovaa lenzi huku kwetu si wengi, na kila mmoja ana sababu yake. Wapo waliopasuliwa mtoto wa jicho wakiwa wachanga na hawakuwekewa lenzi ya kupandikizwa ndani ya jicho. Wapo ambao jicho moja lina namba kubwa, yaani linahitaji kioo chenye nguvu nyingi, na jingine halina tatizo, wakivaa miwani wanapata picha mbili za ukubwa tofauti. Wapo wenye keratokonasi, yaani kioo cha mbele cha jicho (konea) kimekonda na kuchongoka, ambao miwani haiwasaidii tena na wanahitaji lenzi ngumu. Na siku hizi wapo wasioona mbali ambao wazazi wao wamesikia habari za lenzi za kupunguza kasi ya namba kupanda. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha ya kwanza ya aina hiyo, MiSight 1 day, Novemba 2019, kwa watoto wanaoanza kuivaa wakiwa na miaka 8 hadi 12. Dalili nyingi hushughulikiwa kwa namna ileile kwa wote, isipokuwa wachanga, ambao nitawaeleza peke yao.

Jicho jekundu

Wekundu peke yake hautoshi kukuambia kitu. Vumbi la barabara ya Sakina linaweza kuufanya, usingizi mfupi pia. Toa lenzi, kisha uliza mambo matatu. Linauma? Mwanga unamkera, anafumba jicho au anageuzia uso ukutani? Akivaa miwani yake, jicho hilo linaona sawa na siku zote? Majibu yakiwa hapana, hapana, ndiyo, mwache apumzike na miwani siku nzima. Asirudishe lenzi mpaka jicho liwe jeupe kabisa, na hata hapo avae lenzi mpya au iliyosafishwa sawasawa.

Jibu moja tu likiwa baya, ni hospitali leo. Si kesho asubuhi, si Jumatatu. Hivyo hivyo ukiona doa jeupe au la kijivu kwenye sehemu nyeusi ya jicho, hata kama ni dogo kama ncha ya kalamu, au tongotongo zito la njano au kijani. Doa hilo mara nyingi ni kidonda cha konea. Bakteria anayeongoza kwa vidonda hivi kwa wanaovaa lenzi anaitwa Pseudomonas aeruginosa. Anaishi kwenye maji na mahali penye unyevunyevu, kikiwamo kikasha cha lenzi kisichokaushwa, na anaweza kuiharibu konea ndani ya siku moja au mbili. Kidonda kikipona huacha kovu, na kovu likiwa katikati, mtoto atatazama kupitia kovu hilo maisha yake yote.

Yuko mwingine wa kumwogopa, Acanthamoeba, kijidudu kinachoishi kwenye maji ya bomba, ya kisima, ya mto na ya bwawa. Kikijifungia kwenye gamba lake, klorini haikiwezi. Dalili yake ya kukumbuka ni maumivu makali kupita wekundu unaoonekana: mtoto analia usiku kucha na wewe ukilitazama jicho unaona wekundu wa kawaida tu. Matibabu yake huchukua miezi.

Kwa hiyo hakuna maji ya kuosha lenzi. Ya bomba hapana, ya chupa hapana, yaliyochemshwa na kupoa hapana, na mate hapana kabisa. Maji pia huifanya lenzi laini ivimbe na kung'ang'ania jicho. Hata dripu ya chumvi, ambayo wengine huinunua duka la dawa kwa sababu ni rahisi, inaweza kusuuza lakini haiui vijidudu, kwa hiyo lenzi isilazwe humo. Na watoto wakipelekwa kuogelea Chemka, pale Kikuletwa karibu na Boma Ng'ombe, lenzi zibaki nyumbani. Maji yale ni maangavu hadi unaona mizizi ya miti chini, na uangavu huo ndio unaowapumbaza wazazi. Bwawa la hoteli ni vivyo hivyo.

Sasa mambo ya kutofanya wakati unasubiri kuondoka. Usifunge jicho kwa pamba au bandeji. Jicho lililokuwa na lenzi likifunikwa, vijidudu vinapata joto la kuzaliana. Usimtilie matone yaliyobaki ya mtu mwingine, hasa yale yenye steroidi ndani (dawa ya kutuliza uvimbe), maana hupunguza wekundu huku kidonda kikichimba. Usimtilie maziwa ya mama, maji ya majani wala kitu chochote cha kienyeji. Najua bibi anaposhauri hivyo anashauri kwa upendo, na mbele yake ni vigumu kukataa. Lakini utafiti uliofanyika hapahapa Tanzania na kuchapishwa 1994 uliihusisha dawa ya kienyeji ya macho na vidonda vya konea, na vidonda hivyo vimewapofusha watu waliokuja hospitali na jicho ambalo lingeweza kuokolewa. Mwambie kwa heshima: bibi, shikamoo, daktari amekataza kitu chochote kabla hajaona.

Nendeni palipo na daktari wa macho. Kwa Moshi wengi huenda KCMC, yenye idara kubwa ya macho inayopokea wagonjwa wa kanda yote ya kaskazini. Kwa Arusha, anzieni Mount Meru au hospitali nyingine yenye kitengo cha macho. Bebeni lenzi yenyewe, kikasha chake na chupa ya dawa mnayotumia, hata kama mnaona aibu jinsi kikasha kilivyo. Maabara inaweza kuotesha vijidudu kutoka humo na kumwonyesha daktari dawa ya kuchagua.

Macho yanawasha

Hapa ndipo mikoa yetu inapowatesa watoto. Ipo aleji ya macho ya watoto ambayo huonekana sana kwenye sehemu zenye joto, ukavu na vumbi. Huwapata wavulana kuliko wasichana, huanza kabla ya miaka 10 kwa wengi, na mara nyingi hupungua wakibalehe. Utamjua mtoto huyo: anasugua macho kwa ngumi mpaka unasikia mlio, weupe wa jicho umekuwa na rangi ya kahawia pembezoni mwa mboni, na tongotongo lake linavutika mfano wa uzi. Asubuhi jua likimpiga anainamisha kichwa.

Mtoto wa namna hiyo asivalishwe lenzi mpaka aleji itulizwe. Lenzi itakusanya ute, itakuwa chafu kabla ya saa sita mchana, itateleza, naye atazidi kusugua. Kusugua ndiko kunakonitia hofu kuliko muwasho wenyewe, kwa sababu kunaendana na keratokonasi, konea kukonda na kuchongoka. Kuna vijana wanaofika wakihitaji lenzi ngumu, na ukiuliza historia unaambiwa alikuwa anasugua macho tangu chekechea, ikadhaniwa ni vumbi tu. Mkono ukiuendea uso, uzuie, mpe kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi aweke juu ya kope zilizofumbwa, lenzi zikiwa nje.

Kama mtoto hakuwa na aleji hiyo na muwasho umeanza miezi kadhaa baada ya kuzoea lenzi, geuzia shaka kwenye uchafu. Protini ya machozi huganda kwenye lenzi za kutumia mwezi mzima, na sehemu ya ndani ya kope la juu huota vipele vinavyoikwangua. Dalili yake ni kwamba muwasho huwa mkali zaidi *baada* ya kutoa lenzi, na lenzi huanza kupanda juu kila akipepesa. Suluhisho ni mapumziko ya wiki kadhaa na kuhamia lenzi za siku moja. Kwa watoto mimi huona lenzi za siku moja ndizo za kuanzia: hakuna kikasha, hakuna dawa, jioni zinatupwa. Ni ghali ukihesabu kwa mwezi, na sitamdanganya mzazi kuhusu hilo. Lakini nusu ya matatizo yaliyomo humu hayamfikii mtoto anayezitumia.

Matone ya aleji yasiyo na steroidi yapo, na mengine hutiwa asubuhi dakika kumi au kumi na tano kabla ya kuvaa lenzi. Yaandikwe na aliyempima. Matone ya steroidi yanayonunuliwa bila cheti hutuliza muwasho haraka sana, na mzazi hushawishika kuyarudia. Yakitumika muda mrefu hupandisha presha ya jicho na huleta mtoto wa jicho, na presha ya jicho haiumi, mtoto hatakuambia.

"Mama, inachoma!"

Kuchoma kunakoanza lenzi inapogusa tu jicho, na kwa macho yote mawili, kunatoka mikononi. Asubuhi ya shule mtoto anaogeshwa, anapakwa mafuta ya mgando, kisha anavaa lenzi. Vidole vina mafuta, lenzi inakuwa na utando, inachoma kidogo na kuona kunakuwa na ukungu siku nzima. Geuza utaratibu: anawe mikono kwa sabuni ya kipande isiyo na manukato, aikaushe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, avae lenzi, *ndipo* apakwe mafuta. Marashi na dawa ya nywele vije baada ya lenzi na macho yakiwa yamefumbwa.

Aliyesaidia kukata pilipili jana jioni bado anayo kwenye vidole leo asubuhi. Lenzi laini ikishanyonya pilipili haisafishiki. Itupe.

Kama mikono ni safi, soma chupa. Zipo dawa za kusafishia zenye haidrojeni peroksaidi, ambazo zina kikasha chao maalumu kinachoivunja peroksaidi taratibu, na huchukua kama saa 6. Mtu akiidhania kuwa ni dawa ya kawaida, akaisuuzia lenzi na kuivaa, jicho litaungua kwa maumivu ambayo mtoto hatayasahau. Ikitokea, toa lenzi na suuza jicho kwa dripu ya chumvi safi au, kama haipo, maji safi mengi. Hapa maji yanaruhusiwa kwa sababu lenzi haimo. Kisha nendeni akaangaliwe.

Kuchoma kwa jicho moja ni habari tofauti. Toa lenzi, iweke kwenye ncha ya kidole, itazame dhidi ya mwanga wa dirisha. Ukingo umechanika? Kuna uzi au chembe? Imegeuka ndani nje? Lenzi iliyo sawa inasimama kama bakuli. Iliyogeuka, midomo yake inatanuka kama sahani. Iliyochanika haina kazi tena, hata kama ni kidogo na hata kama ndiyo ya mwisho kwenye boksi.

"Sioni vizuri nayo"

Mfumbe jicho moja, kisha jingine, asome kalenda ya ukutani. Kama macho yote mawili yana ukungu na kila moja lina namba yake tofauti, lenzi zimebadilishana: ya kulia imeingia kushoto. Mfundishe aanze kulia kila siku, bila kubadilisha, kuvaa na kutoa.

Ukungu unaoondoka akipepesa na kurudi baada ya sekunde chache ni wa ukavu au uchafu. Watoto wakitazama simu hupepesa kidogo sana, na kipindi cha upepo mkavu wa Januari na Februari hali huwa mbaya zaidi. Matone ya kulainisha yanayofaa kwa lenzi yatamsaidia, na kupunguza simu kutamsaidia zaidi. Ukungu usiobadilika akipepesa: lenzi imegeuka ndani nje, imekaa pembeni, au namba imepanda. Namba ya mtoto inaweza kupanda ndani ya miezi michache, hasa anaporefuka kwa kasi. Kwa mwenye astigimatizimu, yaani konea isiyo na mviringo ulio sawa pande zote, kuona kunakopotea na kurudi ni dalili kwamba lenzi inazunguka jichoni na haijamkaa. Hilo ni la aliyempima kurekebisha. Anayevaa zile za kupunguza kasi ya namba anaweza kuona kivuli kuzunguka taa kwa siku za mwanzo, na wengi huzoea.

Lakini kama ametoa lenzi, amevaa miwani yake ya siku zote, na bado kuna ukungu, huenda konea imevimba au ina kidonda. Rudi kwenye sehemu ya jicho jekundu, hata kama jicho si jekundu.

"Imepotelea nyuma ya jicho"

Haiwezekani. Utando laini unaofunika weupe wa jicho hujikunja na kuungana na sehemu ya ndani ya kope, kwa hiyo hakuna njia ya kwenda nyuma. Mwambie mtoto hivyo mapema, kwa utulivu, maana hofu hii huwafanya wachokonoe jicho kwa kucha.

Mara nyingi iko chini ya kope la juu, imejikunja. Tia matone ya kulainisha, afumbe macho, msugue taratibu juu ya kope kwa kidole kuelekea pembe ya ndani. Kisha atazame chini kabisa huku wewe umelivuta kope la juu. Ngoja, tia tena. Ikishindikana baada ya muda, huenda ilishadondoka kitambo na anachokihisi ni mkwaruzo ilioacha. Tazama sinki, tazama kola ya shati la shule. Hisia ya kitu jichoni ikiendelea mpaka asubuhi, aende akageuzwe kope na mtu mwenye taa na ujuzi. Usimvalishe nyingine juu yake. Lenzi mbili kwenye jicho moja tumeziona.

Inadondoka kila mara

Imegeuka, imekauka, au haina kipimo chake. Jicho la mtoto si jicho la mtu mzima lililopunguzwa, na lenzi iliyoletwa na ndugu kutoka nje kwa namba tu, bila kupimwa mviringo wa konea, itadondoka au itabana. Inayobana ni mbaya zaidi kwa sababu haidondoki na mtoto anaonekana yuko sawa. Ukiitoa utaona alama ya mduara kwenye weupe wa jicho.

Hapa pia niseme kuhusu lenzi za rangi zinazouzwa saluni na kwenye maduka ya vipodozi. Wasichana wa sekondari huzinunua kwa ajili ya mahafali, na huazimana. Zile ni vifaa tiba sawa na nyingine, jicho linataka kupimwa kwanza, na kuazimana lenzi ni kuazimana vijidudu. Mwanao akizipenda, usimgombeze mpaka afiche. Mlete apimwe avae zilizo salama.

Amelala nazo

Konea haina mishipa ya damu. Hewa yake huipata moja kwa moja kutoka nje. Mtu akilala, kope huikatia hewa, na lenzi ikiwamo inaikatia zaidi. Kulala na lenzi huongeza hatari ya maambukizi mara kadhaa, hata ikiwa ni usiku mmoja.

Akiamka nazo, usizivute. Zimekauka na kushikamana, na kuzivuta huchuna ngozi ya juu ya konea. Tia matone, apepese, subiri dakika kadhaa mpaka uone lenzi inateleza akipepesa, ndipo aitelezeshe chini kwenye weupe na kuibana kwa nyama za vidole. Siku hiyo ni ya miwani, na jicho liangaliwe mpaka kesho yake.

Swali la bweni huulizwa sana na wazazi wa Arusha, na jibu langu halijabadilika. Kama hakuna maji ya uhakika ya kunawia, matroni hajui mtoto anavaa nini, na taa huzimwa ghafla watoto wakiwa bado wamevaa, apelekwe na miwani mbili. Lenzi avae likizo. Mwenye keratokonasi hana budi kuwa nazo. Kwake mzazi akae na matroni uso kwa uso, amwonyeshe kwa mikono jinsi lenzi ngumu inavyotolewa kwa kifyonzo kidogo cha mpira, na amwachie kifyonzo cha akiba.

Mchanga aliyepasuliwa mtoto wa jicho

Huyu hawezi kusema inachoma. Na kwake lenzi ndiyo inayoliamua jicho: ubongo wa mtoto mchanga ukikosa picha safi kutoka jicho moja, hujifunza kulipuuza, na baada ya miaka michache haufundishiki tena kwa urahisi. Ndipo mtoto anabaki na jicho linaloonekana halina ugonjwa ila halioni.

Wazazi huuliza kwa nini hakuwekewa lenzi ya ndani palepale. Marekani waliwafuatilia watoto 114 waliopasuliwa jicho moja kabla ya kutimiza miezi 7, nusu wakawekewa lenzi ya ndani, nusu wakavalishwa ya nje. Walipofika karibu miaka 5, uwezo wa kuona wa makundi mawili haukutofautiana, ila waliowekewa ya ndani walirudishwa chumba cha upasuaji mara nyingi zaidi. Kwa hiyo mzazi aliyepewa lenzi ya nje hakupewa kitu cha pili kwa ubora. Amepewa kazi.

Kuvalisha: mfunge mtoto kwa khanga mikono ikiwa ndani, alazwe chali, bibi au baba ashike kichwa kwa viganja viwili. Inua kope la juu, telezesha lenzi chini yake kwanza, kisha vuta kope la chini liipokee. Atalia. Kulia hakumaanishi maumivu; tazama anachofanya dakika tano baadaye. Akinyonya na kutazama uso wako, lenzi iko sawa. Akiendelea kufumba jicho hilo tu, toa.

Lenzi za wachanga ni nene na hupotea sana. Zitafute kwenye mikunjo ya khanga, kwenye nywele, chini ya godoro. Kila asubuhi na kila anapoamka mchana, mulika kwa tochi ya simu kutoka pembeni uone ukingo wake. Na ipo dalili moja ambayo akina mama huigundua kabla yetu: mtoto aliyekuwa anavumilia jicho lake lisilo na ugonjwa kuzibwa ili lililopasuliwa lifanye kazi, kama daktari alivyoagiza, ghafla anapiga kelele na kung'oa plasta. Usimlaumu kwa ukaidi. Angalia kwanza kama lenzi imo. Kama haimo, ukiziba jicho lile lisilo na ugonjwa umemwacha gizani. Kama imo, huenda namba imebadilika, kwa sababu jicho la mchanga hukua haraka na nguvu ya lenzi hutakiwa kupunguzwa mara kwa mara. Kliniki mlizopangiwa zisirukwe hata kama mtoto anaonekana mzima. Jicho kuanza kwenda kengeza ni sababu ya kuwahi kabla ya tarehe.

Lenzi ikipotea na nyingine haijafika, avae miwani yake minene. Asikae bure wiki nzima akisubiri.

Dalili moja isihesabiwe kuwa ya lenzi hata kidogo: jicho kuonekana kubwa kuliko jingine, konea kuwa na ukungu wa kibluu, machozi kumwagika, mtoto kukimbia mwanga. Watoto waliopasuliwa mapema wako katika hatari ya presha ya macho, inaweza kuja miaka kadhaa baadaye, na inapofusha. Hiyo ni ya hospitali siku hiyohiyo.

"Sitaki tena"

Sikiliza kabla ya kubembeleza. Mtoto asiyejua kueleza kinachomsumbua husema hataki, na mara nyingi ukiikagua lenzi unakuta mpasuko au utando. Kama lenzi ni nzima na jicho ni safi, ulizia shule: anachekwa? Anaogopa itadondoka mpira ukimpiga? Au ni ugomvi wa kila asubuhi, mzazi anaharakisha basi la shule na mtoto analazimishwa? Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2007, watoto wa miaka 8 hadi 12 walihitaji kama dakika 15 tu zaidi ya vijana wakubwa katika kupimwa na kufundishwa, na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa ya kujifunza kuvaa na kutoa. Wanaweza. Wanachohitaji ni muda usio na haraka, kwa hiyo mazoezi yawe Jumamosi mchana, mezani, mbele ya kioo, kitambaa safi kikiwa kimeziba tundu la sinki.

Umri si kipimo ninachokitumia. Ninamwangalia kama ananawa mikono bila kuambiwa, kama anasema ukweli akivunja kitu, na kama yeye mwenyewe ndiye aliyeziomba. Mtoto anayeficha makosa atalala na lenzi na hatakuambia.

Asiyeona mbali akikataa, mrudishie miwani yake, mjaribu tena mwakani akitaka. Mwenye keratokonasi, mpe mapumziko ya siku chache kisha arudi apimwe upya, kwani lenzi ngumu inayokwaruza hubadilishwa. Mchanga aliyepasuliwa hana hiari hiyo, wala mama yake asibaki peke yake na kilio cha kila asubuhi. Mpigie simu aliyempima mtoto wiki hiyohiyo, na mwende pamoja na mtu mwingine wa nyumbani ili naye afundishwe kuvalisha.